Misuli Hunyambuliwa, Haikaririwi: Somo la Mwili Kuanzia Takbira Hadi Salamu



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kipindi hiki ukipita mabwenini baada ya swala ya Isha utawasikia wenzetu wa Udaktari, Uuguzi na Tiba ya Viungo wakirudiarudia orodha ndefu. Kila msuli una jina lake, mahali unapoanzia, mahali unapoishia, kazi yake na neva yake. Mwili wa binadamu una misuli ya mifupa zaidi ya 600. Anayetaka kuikariri kama namba za simu atachoka kabla hajafika mapajani, na hata akifaulu mtihani, kabla ya muhula kwisha nusu ya orodha itakuwa imemtoka.

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, wala sisomi tiba. Lakini kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwashikia kitabu wenzangu wa kitivo hicho wanapojisomea, na nimeona kuwa shida yao inafanana sana na ile tunayoijua sisi wanafunzi wa Kiarabu. Mwanafunzi asiyejua sarfu hulazimika kukariri kila neno peke yake. Anayeijua sarfu hushika mzizi na wazni, kisha maneno mengine huyanyambua mwenyewe. Angalia hata maneno tuliyoyachukua kwenye Kiswahili: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Yote yametoka kwenye herufi tatu, kaf, ta na ba. Ukizijua hizo, neno jipya la ukoo huo halikutishi.

Misuli nayo ina sarfu yake. Mzizi ni ncha mbili za msuli, yaani wapi umeshika na wapi umeishia. Wazni ni kiungo unachokivuka na upande unaopitia. Kazi ya msuli ndilo neno linalonyambuliwa hapo. Kwa hiyo kati ya safu zile zinazokuchosha, safu ya kazi huna haja ya kuikariri. Utaitoa mwenyewe.

KANUNI NNE ZA KUSHIKA KWANZA

Kanuni ya kwanza: msuli huvuta, hausukumi. Unapofanya kazi, ncha zake mbili husogeleana. Hata unaposukuma mlango, kuna msuli mahali fulani unaovuta mfupa.

Kanuni ya pili: msuli hauwezi kukikunja wala kukinyoosha kiungo usichokivuka. Kabla ya kutaja kazi, hesabu viungo vilivyo kati ya mwanzo na mwisho wake.

Kanuni ya tatu: upande ndio unaoamua. Msuli unaopita mbele ya nyonga hulikunja paja kuelekea tumboni, na unaopita nyuma huinyoosha nyonga. Lakini kuwa makini na goti. Goti hukunjika kwenda nyuma, kwa hiyo hapo mambo hugeuka: wa mbele hunyoosha, wa nyuma hukunja. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hujikwaa hapa.

Kanuni ya nne: chanzo na kikomo ni majina ya mazoea. Vitabu huita chanzo ile ncha ambayo kwa kawaida hutulia, na kikomo ile inayosogea. Lakini ukiufunga mkono mahali pamoja na kuuacha mwili huru, kikomo ndicho kitakachotulia na chanzo kitasogea. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu anayening'inia kwenye tawi akajivuta juu.

Sasa tutumie kanuni hizi kwenye mwili tunaoujua sote, kwa mpangilio wa mienendo tunayoirudia kila siku mara tano. Tahadhari moja kabla ya kuendelea: mazoezi haya yafanywe nje ya swala. Ndani ya swala tunahitaji khushuu, na si mahali pa kujipapasa mapaja. Tandika mkeka chumbani, panga mwili wako katika mkao husika, kisha gusa.

TAKBIRA: BEGA

Inua mikono kama unayetaka kuhirimia. Weka vidole vya mkono mmoja juu ya bega la pili na utahisi nyama imekakamaa. Huo ni msuli wa deltoidi. Umeshika sehemu tatu: sehemu ya nje ya mtulinga kwa mbele, ncha ya bega kwa juu, na ukingo wa kombe la bega kwa nyuma. Nyuzi zote hizo hukusanyika na kushikamana na upande wa nje wa mfupa wa mkono wa juu, karibu na katikati yake.

Nyambua sasa. Nyuzi za mbele hupita mbele ya bega, kwa hiyo huupeleka mkono mbele. Za nyuma huupeleka nyuma. Za katikati hupita juu ya kiungo, kwa hiyo huuinua mkono kwa pembeni. Msuli ni mmoja na kazi ni tatu, na hukukariri hata moja.

KUFUNGA MIKONO: KIWIKO

Mbele ya mkono wa juu kuna misuli miwili ambayo huchanganywa sana, baisepsi na brakialisi. Baisepsi ina vichwa viwili na vyote viwili huanzia kwenye kombe la bega. Huteremka mbele ya kiwiko na kushika mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba. Brakialisi hulala chini yake. Yenyewe huanzia mbele ya mfupa wa mkono wa juu na kuishia kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho.

Yote miwili hupita mbele ya kiwiko, basi yote hukikunja. Tofauti iko wapi? Mfupa wa upande wa dole gumba ndio unaozunguka unapogeuza kiganja. Kiganja kikitazama chini, kano ya baisepsi huwa imeuzunguka mfupa huo kama kamba iliyozungushwa kwenye gurudumu la kisima. Msuli ukivuta, kamba hufunguka na kiganja hugeuka juu. Brakialisi imeshika mfupa usiozunguka, kwa hiyo haina habari na kiganja.

Jaribu: kunja kiwiko pembe mraba, kiganja kitazame chini, kisha kigeuze juu kama mtu anayeomba dua. Mkono wako wa pili ukiwa juu ya baisepsi utahisi inavimba.

RUKUU: NYUMA YA PAJA

Inama ukiwa umenyoosha magoti. Ule mkazo unaouhisi nyuma ya mapaja ni wa kundi linaloitwa hamstringi. Misuli yake huanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaougusa ukikaa kwenye benchi la mbao, na kuteremka hadi chini ya goti, pande mbili, nje na ndani. Maana yake huvuka viungo viwili, nyuma ya nyonga na nyuma ya goti. Nyambua: hunyoosha nyonga na hukunja goti.

Na kwa nini inauma kuinama? Kwa sababu kuinama huivuta ncha ya juu, na goti lililonyooka huivuta ncha ya chini. Msuli umetandazwa kwenye viungo viwili kwa wakati mmoja. Legeza magoti kidogo na mkazo utapungua hapohapo. Hii ndiyo hoja ya mzee anayekwambia hawezi kurukuu magoti yakiwa yamenyooka, na mwanafunzi wa tiba anatakiwa aielewe.

Kuna jambo jingine hapa ambalo orodha haikwambii. Ukishuka kwenda rukuu, mwili unashushwa na uzito wake wenyewe. Misuli ya mgongo, ya makalio na ya nyuma ya paja haikuinamishi, bali inakuachia polepole kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani huku ameishika kamba. Ukiinuka kwenda itidali, misuli hiyohiyo sasa inavuta na kukusimamisha. Kwa hiyo mwalimu akiuliza ni misuli gani inafanya kazi mtu anapoinama, usikimbilie kutaja ile ya tumbo. Uliza kwanza uzito unaelekea wapi.

SIJDA: MIFUPA SABA

Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Abbas, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa ameamrishwa kusujudu juu ya mifupa saba: paji la uso pamoja na pua, mikono miwili, magoti mawili na ncha za miguu miwili. Mwanafunzi wa anatomia aitazame hali hii kwa jicho la kanuni ya nne. Mikono imetulia ardhini, na kinachosogea ni kiwiliwili.

Unapoinuka, viganja vinasukuma mkeka. Lakini tulisema msuli hausukumi. Basi nani anasukuma? Ni traisepsi, iliyo nyuma ya mkono wa juu. Kichwa chake kimoja huanzia kwenye kombe la bega, na viwili nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Vyote huishia kwenye ncha ya kiwiko, ule mfupa unaochomoza ukikunja mkono. Msuli unaivuta ncha hiyo, kiwiko kinanyooka, na kwa kuwa ardhi haisogei, wewe ndiye unayeinuka.

KIKAO NA KIDOLE CHA SHAHADA

Kaa kama katika tahiyatu ya kwanza, mguu wa kushoto umelazwa na wa kulia umesimikwa. Magoti yamekunjwa kabisa, kwa hiyo msuli wa mbele ya paja, kwadrisepsi, umevutwa sana. Huo una vichwa vinne. Vitatu huanzia kwenye mfupa wa paja na kimoja huanzia juu zaidi, kwenye mfupa wa nyonga. Vyote hupita kwenye pia ya goti na kushika mbele ya mfupa wa muundi. Vyote vinne hunyoosha goti, na kile kimoja kilichovuka mbele ya nyonga huikunja nyonga pia.

Tazama mguu wa kulia. Vidole vimekunjwa kuelekea mbele na wayo unawaka. Misuli mirefu inayokunja vidole haiko wayoni. Nyama yake iko nyuma ya muundi, na kano zake hupita nyuma ya kifundo cha mguu kwa upande wa ndani, hadi ncha za vidole. Kuvipindua vidole ni kuzivuta kano hizo.

Sasa kunja ngumi na uinue kidole cha shahada peke yake. Ni rahisi. Irudishe ngumi, kisha jaribu kuinua kidole cha pete peke yake. Kinagoma. Sababu ni kwamba msuli wa pamoja wa kunyoosha vidole hugawa kano kwa vidole vinne, na kano hizo zimeunganishwa kwa vitanzi nyuma ya mkono. Kidole cha shahada na kidole cha mwisho vimepewa kila kimoja msuli wa ziada. Cha pete hakina, basi hungoja jirani zake.

SALAMU: SHINGO

Geuza uso kulia kama unayetoa salamu, na mkono wako uwe upande wa kushoto wa shingo. Utakuta kamba nene imesimama kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kidari. Huo ni msuli wa sternokleidomastoidi. Umeshika mfupa wa kidari na mtulinga kwa chini, na nundu la mfupa nyuma ya sikio kwa juu.

Wengi hushangaa kuwa msuli wa kushoto unageuza uso kulia. Nyambua: ncha ya juu iko nyuma na pembeni, ncha ya chini iko mbele na katikati. Msuli wa kushoto ukivuta, sehemu ya nyuma ya sikio la kushoto huja mbele. Uso utaenda wapi isipokuwa kulia?

MWANACHUONI ALIYEKWENDA KUANGALIA MFUPA

Tusidhani kuwa kugusa na kuangalia ni mtindo wa leo. Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162 na kufariki mwaka 1231, alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1200 hadi 1202. Watu wengi walikufa na mifupa ilibaki wazi. Vitabu vyote vya tiba vya wakati huo vilifuata kauli ya Galen, au Jalinus kwa Waarabu, kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Al-Baghdadi akaenda na wenzake kwenye lundo la mifupa, akachunguza mafuvu mengi, kwa maelezo yake mwenyewe zaidi ya 2,000, na hakuona maungio yoyote. Akaandika kuwa taya ni mfupa mmoja.

Hakumdharau Galen, bali alisema ushahidi wa macho una nguvu zaidi. Leo tunajua kuwa kwa mtoto mchanga taya huwa vipande viwili, navyo huungana ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa mtu mzima ni mfupa mmoja, kama alivyouona.

Nanyi mnaoingia kwenye chumba cha maiti kusoma, kumbukeni kuwa dini yetu imekataza kuuvunja mfupa wa maiti kama ilivyokataza kuuvunja wa aliye hai. Yule aliyelala mezani ni mwalimu. Afunikwe, asifanyiwe mzaha, asipigwe picha.

KWA NINI TUSIRIDHIKE NA MTIHANI

Ndugu zangu, mwisho wa elimu hii ni mgonjwa. Chukua kijana aliyeanguka kwenye bodaboda, mfupa wa mkono wa juu umevunjika katikati. Nyuma ya mfupa huo, pale pale katikati, hupita neva inayohudumia misuli ya kunyanyua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole. Mwambie anyanyue kiganja. Akishindwa, na mkono ukaning'inia, umeshajua neva imeguswa kabla ya kufika kwa mkubwa wako. Aliyekariri orodha tu atafunga plasta na kuondoka.

Au chukua sindano ya makalioni. Ndani ya tako, chini ya msuli mkubwa, hupita neva nene kuliko zote mwilini, inayoteremka nyuma ya paja. Sindano ikichomwa chini na kuelekea katikati inaweza kuijeruhi, na mgonjwa aliyeingia kwa miguu yake akatoka anaburuta mguu. Ndiyo maana hufundishwa robo ya juu kwa nje, na walimu wengi leo hupendelea ubavuni mwa nyonga, kwenye msuli wa gluteasi midiasi. Msuli huo huanzia upande wa nje wa mfupa wa nyonga na kushika nundu la nje la juu ya mfupa wa paja. Anayejua ulikoshika anajua pa kuutafuta kwa vidole. Huyo mgonjwa anaweza kuwa mama yako, na hilo ni amana.

NAMNA YA KUSOMA KWA KUNDI

Kaeni watatu, akina kaka kwa upande wao na akina dada kwa upande wao. Chukueni misuli mitano tu kwa siku. Wa kwanza ataje ncha mbili na kuzionyesha kwenye mwili wake. Wa pili, bila kuangalia kitabu, anyambue kazi. Wa tatu auzuie mwendo huo kwa mkono wake ili msuli ukakamae na wote wauone. Kisha fungueni kitabu mhakiki, na mwongeze neva. Kesho yake anzeni kwa kurejea mitano ya jana, kama tunavyofanya muraja'a katika hifdhi. Anayeruka muraja'a anajenga juu ya mchanga.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Soleasi huanzia chini ya goti, nyuma ya muundi, na kuishia kisiginoni. Je, hukunja goti?
2. Kichwa kifupi cha msuli wa nje wa hamstringi huanzia kwenye mfupa wa paja na kuishia chini ya goti. Je, hunyoosha nyonga?
3. Maseta hutoka kwenye mfupa wa shavu hadi pembe ya taya. Kazi yake ni nini?
4. Msuli mmoja hutoka kwenye pingili za kiuno, ukapita mbele ya nyonga na kushika juu ya mfupa wa paja kwa ndani. Hufanya nini ukisimama? Na ukilala chali miguu ikiwa imeshikwa?

Majibu: (1) Hapana, haikuvuka goti. Hushusha wayo tu. (2) Hapana, haikuvuka nyonga. Hukunja goti. (3) Huinua taya na kufunga kinywa. Uma meno, uiguse shavuni. (4) Ukisimama huinua paja. Miguu ikishikwa, husaidia kuinua kiwiliwili, kwa kanuni ya nne.

Ukiyapata yote manne, basi umeshaanza kunyambua. Chukua orodha yako, funika safu ya kazi kwa karatasi, na uanze upya leo usiku.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, na awafanye wenzetu wa tiba kuwa sababu ya faraja kwa wagonjwa. Wabillahi tawfiq.